Kuziba Njia ya Nyati

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wa ofisini wakisikia kwamba kila Jumamosi alasiri mimi huwa mshika ngao katika mchezo wa vita, hunitazama kuanzia viatu hadi kipara, kisha hucheka. Nawaacha wacheke. Mbwa wa jirani akibweka mimi huvuka barabara, na hilo wanalijua.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani, sebuleni kwa jirani yangu hapa Kitengela, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza misumari, mabati na rangi. Sote tunamwita Mama. Binti yake alipokwenda kusoma ng'ambo alimwachia sanduku lenye kitabu cha kanuni, dadu za kila namna na karatasi kubwa zilizochorwa miraba. Mama alikisoma kitabu hicho kama anavyosoma Biblia, neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye mashetani na mizimu alifunga kitabu, akaomba, akakifungua tena.

"Hizi vitu haziingii kwa nyumba yangu," alituambia. "Nimetoa yote. Nimeweka wanyama."

Basi katika mchezo wetu hakuna jini wala mchawi. Kuna nyati, kifaru, ngiri na fahali aliyekata kamba. Kila mchezaji ni msafiri mmoja anayevuka mbuga, anasema anachotaka kufanya, na dadu inaamua kama amefaulu. Mama ndiye msimamizi, na yeye ndiye wanyama wote. Sasa, mnyama hana upanga wala maneno. Anachojua ni kuinamisha kichwa na kuja mbio. Kwa hiyo kati ya kurasa zote za kitabu kile, ukurasa tulioutumia hadi ukachakaa ni ule wa kuziba.

Nieleze kuziba, maana habari yangu yote imo humo. Mnyama akishambulia kwa mbio lazima aje kwa mstari ulionyooka, tena apate angalau miraba mitatu ya kuchukua kasi. Akikufikia, jeraha lako ni maradufu. Lakini mwenzako anaweza kukuokoa. Akiwa amesimama mraba mmoja tu kutoka njia ya mnyama, na akiwa bado hajatumia hatua yake ya dharura, ambayo kila mtu anayo moja tu kwa kila mzunguko, anaruhusiwa kuingia katikati na kusema, "Naziba." Hapo mbio za mnyama zinaishia kwake. Zinarushwa dadu mbili, moja ya mnyama, moja ya mzibaji. Mzibaji akishinda, mnyama anasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Akishindwa, jeraha lililokuwa la mwenzake linakuwa lake, lote, na anaanguka chini.

Sharti gumu ni la wakati. Lazima useme kabla dadu ya mnyama haijarushwa. Huwezi kungoja uone kama atamkosa mwenzako ndipo ujifanye shujaa. Unasema ukiwa hujui chochote.

Mimi nilikuwa nachelewa kila mara.

Tulikuwa wachezaji watatu. Mimi na ngao yangu, kifuniko cha soda cha rangi ya bluu. Dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa wangu kwa miaka mitano, aliyekuja Kitengela kabla yangu akanitafutia hata nyumba ya kupanga. Yeye alikuwa mpiga mishale, kifuniko chekundu. Wa tatu alikuwa dalali wa mifugo, Mmaasai wa Bisil, ambaye huleta ng'ombe kichinjioni hapa mjini na kupitia kwa Mama kununua waya. Siku moja alitukuta tukicheza, akavuta kiti, na hajawahi kukirudisha.

Dada yangu anachechemea. Mguu wa kulia ulivunjika akiwa na miaka kumi na miwili na ukaungwa vibaya. Kwa hiyo hata mchezoni alichagua mtu wa kupiga akiwa mbali, asiyehitaji kukimbia. Nami nikachagua ngao, nikakaa karibu naye, na sikumwambia mtu kwa nini.

Mama alikuwa na sauti yake ya kutangaza mnyama. Alikuwa anaweka kikombe cha chai chini, taratibu, kisha anasema, "Nyati amekuona." Nilijua ni kifuniko cha chupa juu ya karatasi. Nilijua nyati yule ni kipande cha mkaa. Lakini neno lile moja, naziba, lilikwama. Nikawa nahesabu miraba ambayo nilikuwa nimeshaihesabu. Nikiinua kichwa, dadu inabingirika.

"Naziba!"

"Umechelewa," Mama alikuwa akijibu. "Dadu imeshaanguka."

Dada yangu alikufa mara tatu namna hiyo. Kila mara alichora msafiri mpya kwenye karatasi mpya, akicheka. "Nimezikwa mara tatu," alimwambia dalali, "na mdogo wangu akiwa amesimama hapo kando na ngao yake mpya. Lakini si mnajua wanavyosema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwetu angalau kutakuwa na kicheko."

Alisema kwa utani. Mimi nilienda bafuni nikafungua mfereji nikasimama tu.

Dalali naye aliichukia kanuni ile kwa sababu zake. "Mama, hii kitabu iliandikwa na mtu hajawahi ona ng'ombe," alisema. "Hakuna mtu husimama mbele ya ng'ombe imekasirika. Mbele ni kifo. Wewe unakaa kando, hapa kwa bega, unaipatia kitu kwa macho, shuka, kofia, chochote. Inageuka. Ng'ombe haizibwi, inageuzwa."

"Kitabu kinasema mbele," Mama alimjibu.

"Basi kitabu kiende Bisil."

Tukacheka. Kanuni ikabaki ilivyo.

Waliokwenda Bisil hatimaye tulikuwa sisi. Dada alikuwa na kiploti chake Isinya, amekizungushia waya wa Mama, na sasa alitaka mtamba wa kuanzia. Dalali akamwambia asidanganywe na watu wa mjini, aje siku ya soko amchagulie mwenyewe. Mama akatubeba kwa pikapu yake ya dukani, sisi wawili tukibanana naye mbele. Nilikuwa sijalala vizuri. Tangu utotoni sijawahi kusimama katikati ya ng'ombe, na nitaeleza ni kwa nini.

Kwetu, magharibi, mafahali hupiganishwa. Watu huamka alfajiri na ngoma na majani mkononi, wakawasindikiza mafahali wao hadi uwanjani. Nilikuwa na miaka saba. Dada alinishika mkono tukaenda na watoto wengine. Fahali mmoja aliposhindwa hakukimbilia alikotoka, alikimbilia kwetu. Ninachokumbuka ni umati kupasuka, vumbi, na miguu yangu. Nilikimbia. Nikapanda mpera na sikuangalia nyuma hadi nilipofika juu kabisa. Nilipoangalia, dada yangu alikuwa chini na watu wamemzunguka.

Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini kila asubuhi ya maisha yangu nimemsikia akitembea, hatua moja nzito, moja nyepesi, na kila asubuhi nimejua ni nani aliyeuacha mkono wake.

Ndiyo sababu ya ngao.

Soko la Bisil lilikuwa limejaa tulipofika. Dalali alitupokea kwa shuka nyekundu na simu mbili. "Sopa, Mama. Sopa, mwalimu. Ero, kijana, wewe mbona uko na uso ya hospitali?" Nikamwambia ni jua. Alituongoza katikati ya ng'ombe, akiwasukuma kwa fimbo kama mtu anayefungua pazia, nami nikamfuata nikiwa nimeshika shuka yake bila aibu yoyote. Pembe zilinipita kwenye mbavu. Kila ng'ombe aliyepumua karibu nami nilimhesabia miraba.

Dada alifurahi siku ile. Alimpata mtamba wake, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, akamwekea mkono mgongoni akamwongelesha Kiluhya. Kisha jua likamchosha mguu. Akaenda kusimama kwenye ua wa mbao karibu na mahali lori zinapopakiliwa, akafungua mwavuli wa Mama, ule mkubwa wa rangi ya machungwa wenye tangazo la rangi za nyumba. Mimi na dalali tulibaki hatua kama kumi hivi kutoka kwake, Mama akiwa ameenda kutafuta chai.

Pale kwenye lori walikuwa wanapakia fahali wa kahawia. Alipanda nusu ya ngazi akagoma. Vijana wawili wakamvuta kwa kamba, wa tatu akampiga mkiani. Nilimwona akigeuza kichwa. Nilimwona akiona uwazi. Kamba ikawatoka, akaruka kutoka ngazini akatua kwa magoti, akainuka, na watu wote mbele yake wakapasuka kama siku ile.

Uwazi ule uliishia kwa dada yangu. Ua ulikuwa mgongoni mwake, na mguu ni ule ule.

Sijui kama ni sekunde mbili au tatu. Najua nilichofikiri, na ninaona haya kukiandika. Nilifikiri: mstari umenyooka. Nilifikiri: kasi anayo. Nilifikiri: hatua yangu ya dharura sijaitumia. Sijaitumia miaka thelathini. Safari hii neno halikukwama.

"Naziba!"

Nilipiga kelele hiyo katikati ya soko la Bisil, na hakuna aliyeielewa isipokuwa watu wawili. Nikakimbia nikaingia kwenye mstari, nikamwelekea fahali, nikapanua miguu na kuikita chini, mkono wa kushoto mbele, kama ilivyochorwa kwenye ukurasa ule. Mkononi nilikuwa na gazeti lililokunjwa.

"Kando!" dalali alinguruma. "Kando, ero! Toka mbele! Kando!"

Nilimsikia vizuri. Nilikumbuka hata maneno yake ya bega na macho. Lakini kwa Jumamosi zisizo na idadi nilikuwa nimejifunza kwamba mtu huzibia mbele, na mwili ulifanya kilichofunzwa. Nilikuwa nimesimama mahali pa kufia, kwa unadhifu kabisa, kwa mujibu wa kitabu.

Kitu kilinigonga ubavuni. Hakikuwa fahali. Nilianguka kando, mdomo ukajaa vumbi, na nilipogeuka nilimwona dada yangu amesimama nilipokuwa nimesimama, ila hakusimama mbele. Alikuwa hatua moja pembeni, ameinama na mguu wake mbovu, akimsukumia fahali mwavuli wazi machoni. Fahali aligeuka. Karibu ageuke kabisa. Bega lake lilimpitia dada likamtupa kwenye ua, na nikasikia mbao, au nilidhani ni mbao.

Dalali na wenzake walimfikia fahali kabla hajarudi. Mimi nilimfikia dada kwa kutambaa.

"Uko sawa?" aliniuliza. Yeye ndiye aliyeuliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo.

Mama aliendesha pikapu hadi Kajiado akiomba kwa Kikuyu njia nzima, taa zikiwaka mchana. Nilimshikilia dada kiunoni ili asirushwerushwe. Kila shimo la barabara alinyamaza zaidi. Niliogopa kunyamaza kwake kuliko nilivyomwogopa fahali, nikawa namwongelesha upuuzi, habari za mtamba, jina tutakalompa, nyasi.

Hospitalini walimpiga picha mkono na mbavu. Mifupa miwili ya mkono imevunjika, mbavu zimechubuka tu. Muuguzi aliyekuja kumwandaa kwa plasta alitutazama tulivyojaa vumbi, akatikisa kichwa. "Poleni sana. Ajali haina kinga," alisema.

Nilimtazama kinga yangu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu na kiatu kimoja.

Muuguzi alipotoka nilipiga magoti pale sakafuni. Sikupanga. "Nisamehe," nilisema. "Si ya leo. Ile ya nyumbani. Nilikimbia nikakuacha."

Dada alinikunjia uso kama anavyomkunjia mtoto aliyenakili kazi ya mwenziwe. "Kukimbia gani?"

"Siku ya mafahali. Nilikuacha nikapanda mti."

"Nani alikuambia upande mti?"

Nilijaribu kukumbuka.

"Ni mimi," alisema. "Yule ng'ombe alikuwa anakufuata wewe. Ulikuwa umeganda hapo kama mlingoti. Nikakupiga kofi ya mgongo, nikakuambia kimbia, panda huo mti. Wewe ukakimbia. Mimi nikabaki, ndio isikufuate." Akafumba macho kwa maumivu, akayafungua. "Sasa miaka yote hii umekuwa ukifikiri nini?"

Nilimwambia nilichokuwa nikifikiri. Alicheka kidogo, mbavu zikamkataza, akaacha.

"We mdogo wangu, mimi si niko hapa?" alisema. "Mambo ya zamani hayo. Inuka, sakafu ni chafu."

Mtu angedhani mzigo ulinitoka siku hiyo. Watu huandika hivyo, kwamba ukweli unapooshwa moyo unapumua. Wangu haukupumua. Niliinuka kutoka sakafu ile nikiwa na hofu mpya, kubwa kuliko zote nilizowahi kufuga. Ile ya zamani nilikuwa nimeizoea: niliogopa kwamba mimi ni mtu wa kukimbia. Sasa nilijua kitu kingine. Nilijua kwamba popote nitakaposimama, penye fahali, penye ugonjwa, penye chochote, kuna mwanamke mwenye mguu mmoja mzima ambaye tayari amekwisha kuamua. Haniulizi. Hangoji kuona dadu. Alitoa mguu, sasa ametoa mkono, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwita hapo Bisil, kwa kusimama kijinga mbele, nikidhani namlipa.

Kwa majuma sita nilimpikia, nikamfulia, nikamsahihishia vitabu vya watoto. Nilimchunga barabarani hadi akaniambia nimkome. Ngazi zilinitisha. Bodaboda zilinitisha. Usingizini nilimwona akitembea mbele yangu kila mahali, hatua nzito, hatua nyepesi, nami siwezi kumpita.

Plasta ilipokaribia kutolewa alisema anataka Jumamosi yake. Tukakaa mezani kama zamani. Mama alikuwa amefuta kwa kalamu nyekundu maneno ya kanuni yanayosema mbele, akaandika pembeni kwa herufi kubwa, KANDO, na dalali akatia dole gumba la wino chini yake kama kwenye hati ya shamba. Tulicheka sana. Nilikunywa chai vikombe viwili na kwa muda nilikuwa mtu wa kawaida.

Kisha Mama akaweka kikombe chini, taratibu.

"Kifaru ametoka kwa miti," alisema. "Anaona mtu wa ngao. Miraba tano, laini moja."

Aliniona mimi. Nilijaribu kufurahi, zamu hii hakuna wa kumwokoa ila mimi mwenyewe. Nikatafuta cha kusema. Kabla sijafungua mdomo, mkono wa kushoto wa dada ulivuka meza. Kile kifuniko chekundu kilikwaruza karatasi kikasimama kati yangu na kipande cha mkaa, kando kidogo ya mstari.

"Naziba," alisema, na akachukua biskuti.

"Mama," nilisema. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Wa nyuma anaweza kukataa? Akisema hataki kuzibiwa?"

Dalali aliacha kutafuna. Mama alivaa miwani, akafungua ukurasa ule uliochakaa, akausoma kwa kidole mstari kwa mstari, akageuza, akasoma na wa nyuma yake. Alirudi mwanzo akasoma tena. Dada yangu alikuwa akinitazama, na hakuwa akicheka.

"Hakuna," Mama alisema. "Kitabu hakimuulizi wa nyuma. Kinamuuliza mwenye kuziba peke yake." Akavua miwani. "Basi. Narusha."

Aliinua ngumi, dadu zikagongana ndani. Niliinuka nikaishika ngumi ile kwa mikono yangu miwili, juu ya meza, nikaifunga.

"Toa mkono," Mama aliniambia kwa upole. "Toa, tuendelee."

Sikuutoa.